Shemeji na Waya wa Mashine ya Tatu

"Shemeji, usichomeke huo waya!"

Nilipiga kelele hadi koo likauma. Wasomaji wangu, mume wa dada yangu wa damu alikuwa amepiga magoti stoo kazini kwetu, waya mpya mkononi, na pembeni yake panya aliyeoza... amevimba, funza wanamtembea!

Na bado yule panya alikuwa na nafuu kuliko shemeji.

Ngoja niwaeleze.

Mimi ni karani wa rekodi kwenye zahanati ya watoto. Shemeji ndiye fundi wa kompyuta pale, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alinianzisha na madaftari matatu mezani.

"Unachoandika kwenye moja, andika kwenye yote," aliniambia. "Mashine zetu ndivyo zilivyo. Tatu, vyumba vitatu. Kila sekunde zinajuliana hali. Moja ikifa, kazi inaendelea."

"Na zikipishana?"

"Wengi wape! Mbili zikisema hivi, ya tatu inafuata."

"Na iliyopotea ikirudi?"

"Inawauliza wenzake, nimepitwa na nini? Inaambiwa, inanakili, basi."

Alikuwa na subira, jamani. Nilikuwa namwita mwalimu.

Asubuhi hiyo daktari mkuu, mama asiyecheka ovyo, aliingia ofisini kwangu bila hodi.

"Kuna dawa ya kifua iliyokwisha muda, imebandikwa tarehe mpya. Nitolee orodha ya watoto wote waliopewa wiki iliyopita. Wale hawajatibiwa! Lazima warudi leo hii."

Nikafungua mashine ya kwanza. Tupu!

Ya pili. Tupu!

Mtu alikuwa amefuta, na amri ya kufuta ikanakiliwa kwa utiifu ule ule wa kila siku. Hilo shemeji hakuwahi kunifundisha. Nakala haijui jema wala baya. Ukifuta kwenye moja, umefuta kwenye zote.

Bila orodha ile, watoto wale tungewapata wapi?

Halafu nikaikumbuka ya tatu, ile ya stoo. Tangu Jumatatu taa yake ilikuwa nyekundu, na stoo inanuka vibaya, kila mtu anaziba pua anapita zake. Panya alikuwa ametafuna waya wa mtandao akafia hapo hapo. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, ila imetengana na wenzake... kwa hiyo ile amri ya kufuta haikuifikia!

Nikatoka mbio. Ndipo nikamkuta.

"Tulia, shemeji yangu," akasema huku anatabasamu. "Nairudisha kwenye mtandao ikupe orodha yako."

Kidogo nimshukuru!

Mara yale madaftari yakanijia kichwani. Ikirudi itawauliza wenzake. Wenzake ni wawili. Wataiambia, futa. Na anayelijua hilo kuliko sote pale ni yeye!

"Ni wewe uliyefuta."

Akausogeza waya karibu na tundu lake.

"Shemeji, ni wewe!"

"Punguza sauti basi. Mimi nilibandika tarehe tu. Mfamasia alisema dawa haiharibiki hivi hivi."

"Watoto vifua vinawabana, wewe ulibandika tu?"

"Sisi ni ndugu. Mfikirie dada yako."

Nikampokonya waya. Vidole vyake vilikuwa na majimaji ya panya, vikanigusa, na nawaapia, kilichonichefua ni neno "ndugu" kutoka kwenye mdomo ule.

Daktari akaingia. Nikachomeka skrini moja kwa moja kwenye mashine, mtandao sikuugusa. Orodha ipo! Watoto hamsini na mmoja, na namba za simu za wazazi. Nikapiga picha kila ukurasa, ndipo daktari akaanza kusoma majina kwa sauti.

Wa thelathini na saba, akaweka kidole kwenye skrini.

"Huyu... si wa kwenu huyu?"

Nikaangalia. Namba ya dada yangu! Alimleta mwanawe wiki iliyopita, shemeji akiwa safarini, akapewa chupa zile zile. Mtoto anakohoa hadi leo, na baba yake kila asubuhi anauliza kama amekunywa dawa, chupa yenyewe hajaitazama.

Shemeji alikuwa amefuta orodha bila kuisoma.

Akakaa chini kwenye uchafu.

"Mpigieni mama yake! Mwanangu aje kwanza, hao wengine baadaye!"

Hao wengine... Hamsini, jamani!

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikampa simu yeye.

"Mwambie wewe."

"Haloo? Mdogo wangu?" Nyuma ya sauti ya dada tukasikia kikohozi. "Haloo? Mbona husemi?"

Daktari akamnyang'anya simu akamwambia dada amlete mtoto upesi. Hadi mchana tulikuwa tumewapigia wote. Mwanetu alilazwa, sasa anapumua vizuri. Shemeji na mfamasia wako polisi, na dada hajakanyaga huko.

Funzo langu ni hili. Usijivunie wingi wa nakala, uliza ni mikono mingapi inayotosha kuzifuta zote. Kwetu mashine zilikuwa tatu, mkono mmoja.

Siku hizi tuna nakala ya nne, nje ya mtandao, kwenye kabati la chuma. Daktari alitaka ufunguo nikae nao mimi peke yangu.

Nikaukataa. Na mimi nina ndugu.