Kibanio kwenye Kola

Kila asubuhi kambini ilianza kwa kengele, na kila asubuhi Kasi alikuwa ameshaamka kabla haijalia. Jina lake hasa lilikuwa jingine, lakini nyumbani na shuleni wote walimwita Kasi, kwa sababu hakuna alichokifanya polepole. Alikula haraka, aliongea haraka, na alitandika kitanda haraka hata shuka likabaki limejikunja kama limetafunwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na likizo ile ndefu hakuwa nyumbani. Alikuwa amechaguliwa, yeye na wanafunzi wengine ishirini na watatu wa sekondari, kukaa wiki tatu katika mabweni ya shule moja ili wajifunze kutengeneza michezo ya kompyuta.

Kutengeneza, jamani, si kucheza. Wengi walikuja wakidhani watacheza mpaka vidole viote sugu, na siku ya kwanza tu mwalimu akawatoa kwenye ndoto hiyo. Alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti, aliyetengeneza michezo ya simu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Aliwagawa watatu watatu, akaliwekea kila kundi meza moja, kompyuta moja na daftari moja, kisha akawaambia waanze kufikiri.

Kundi la Kasi lilikuwa na mvulana waliyemwita Miwani, ambaye alichora picha zote, na msichana waliyemwita Kimya, ambaye aliandika programu. Maneno ya Kimya kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, lakini kompyuta ilimtii. Mchezo wenyewe aliubuni Kasi. Baba yake alikuwa fundi bomba, na tangu utotoni alizoea kumfuata kazini akimshikia spana. Basi akabuni mchezo wa mabomba: juu kilimani kuna tangi la maji, chini kuna nyumba, na mchezaji anageuza vipande vya bomba mpaka viungane, maji yafike kwenye nyumba zote kabla wakati haujakwisha. Ulikuwa mchezo mzuri, tusimnyime haki yake. Siku ya kufunga kambi wazazi wangealikwa, na baba yake angeucheza. Kasi aliiwazia siku hiyo kila alipofumba macho.

Kambi ile ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Kila Jumatano waliitwa watu wasiojua lolote kuhusu michezo ile waje kuijaribu: mlinzi wa getini, mfua nguo, dereva, mpishi. Mwenye mchezo aliketi nyuma ya mchezaji, akabana kibanio chekundu cha nguo kwenye kola yake mwenyewe, na tangu hapo asiseme neno, asinyooshe kidole, wala asikohoe kwa hila. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuandika daftarini kila alichokiona.

"Mchezo ukishatoka mikononi mwenu, hamtasimama begani kwa kila mchezaji mkimnong'oneza," mwalimu aliwaambia. "Kama haueleweki bila ninyi, bado haujaisha."

Jioni, wakati wa chakula, madaftari yalisomwa mbele ya wote.

Jumatano ya tatu, mchezo wao ulipokuwa tayari kuchezwa kwa mara ya kwanza, meza ya Kasi ilimpata mpishi. Miwani na Kimya walikuwa wametumwa kujaribu michezo ya wenzao, kwa hiyo Kasi alibaki peke yake. Mpishi huyo alikuwa mama wa makamo, mnene na mcheshi, na kambi nzima ilimwita Shangazi kwa sababu hakuna mtoto aliyepita jikoni bila kuulizwa kama amelala vizuri. Alifuta mikono kwenye aproni, akaketi, akakishika kipanya cha kompyuta kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai.

Sasa kosa lilikuwa hapa. Maji yasingetoka tangini mpaka mchezaji afungue koki kwanza, na koki hiyo ilikuwa kidoti cha kijivu kwenye ukuta wa kijivu, pembeni kabisa mwa skrini. Kasi alikuwa ameshaifungua mara nyingi mno. Mkono wake ulikwenda wenyewe, hata alikuwa amesahau kwamba hapo kuna kitu cha kujua. Shangazi hakukijua. Aligeuza mabomba yote, yakaungana sawasawa, akasubiri maji. Hayakuja. Akayaachanisha, akayaunganisha upya. Hayakuja. Alihangaika dakika kumi nzima, na Kasi nyuma yake alikuwa akitokwa jasho kuliko yeye.

Muda ulipokwisha Shangazi alikiweka kipanya chini taratibu.

"Samahani, mwanangu, nimekuharibia mchezo wako," alisema. "Kichwa changu hiki kinajua sufuria tu."

Alijichekesha, lakini Kasi aliona kwamba ameumia. Muda ulikuwa umekwisha, kibanio kingeweza kutoka, na maneno machache tu yangetosha kumwambia kwamba kosa si lake. Kasi hakuyasema. Aliona haya, na haya ile ilimfanya afanye jambo baya zaidi. Alifikiri jinsi ukumbi mzima utakavyosikia kwamba mchezo wake umemshinda mtu katika hatua ya kwanza kabisa. Akainama akaandika: "Amemaliza hatua tatu. Amesema ni rahisi."

Jioni daftari lilisomwa na watu wakapiga makofi. Shangazi alikuwa jikoni akisugua masufuria, hakusikia. Miwani alifurahi mpaka akasahau kula. Ikiwa mtu asiyewahi kushika kipanya amemaliza hatua tatu, alisema, basi mchezo ni rahisi mno, sharti waongeze ugumu. Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi Kimya aliandika hatua saba mpya, akikosa hata mapumziko ya mchana, na Miwani akachora mabomba yaliyopasuka mpaka macho yakamwiva. Kasi alijaribu kupitia mlango wa nyuma. Alipendekeza, kama mtu asiye na neno, kwamba wangeikuza ile koki kidogo. Miwani alimkazia macho akamuuliza kwa nini, na Shangazi aliiona bila shida? Kasi akaiacha hoja hiyo. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemfunga mikono.

Ijumaa mchana kundi la meza ya jirani lilihitaji mtu wa kujaribu mchezo wao, na mwalimu akamtuma Kasi jikoni kumwita Shangazi. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, akimenya viazi.

"Mwambie mwalimu nina kazi," Shangazi alisema, bila kuinua uso. "Halafu, mwanangu, vitu vile si vya watu kama sisi. Binti yangu alikuwa ameanza kunifundisha kompyuta nyumbani. Nimempigia simu nikamwambia tuache. Ulijionea mwenyewe nilivyoshindwa."

Kasi alisimama pale na ujumbe wake. Mpaka dakika ile alikuwa amejifariji kwamba uongo wake ni maneno machache tu daftarini, haujamdhuru mtu. Kumbe ulikuwa umeshafika nyumbani kwa mtu. Alipiga moyo konde akaeleza yote: ile koki ya kijivu, dakika kumi, na alichokiandika.

Kisu cha Shangazi kilisimama.

"Kwa hiyo mabomba yangu yalikuwa sawa?"

"Yalikuwa sawa tangu mwanzo, Shangazi."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Shangazi alikiweka kiazi chini. "Mezani nakuelewa, ulikuwa umebanwa mdomo," alisema. "Baadaye je? Siku mbili unakuja hapa unachukua chakula, unanisalimia."

Machozi yalimtoka Kasi, naye akayaacha yatoke. Shangazi hakumfokea wala hakumbembeleza. Alimwambia aende kwanza kwa wenzake aliowafanyisha kazi ya bure.

Kuwaambia wenzake kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Miwani alitupa penseli, akavua miwani, akaivaa tena. Kimya ndiye aliyesema, na siku hiyo alipita kiwango chake.

"Koki ni kazi ya dakika tano," alisema. "Ungesema tu. Nimeandika hatua saba."

Mwalimu naye alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwatoa kwenye maonyesho ya kufunga kambi, kama Kasi alivyohofia. Alisema tu kwamba daftari lilisomwa mbele ya wote, kwa hiyo litasahihishwa mbele ya wote. Jioni ile Kasi alisimama ukumbini, akasoma alichokiandika, kisha akasema kilichotokea kweli. Alisema kwamba Shangazi aliunganisha mabomba yote vizuri, na kwamba aliyekosea ni yeye aliyeficha koki, na akakosea tena alipodanganya. Shangazi alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini hakuna aliyecheka pia, na Kasi alipoketi, Kimya alisogea kumpisha kwenye benchi.

Jumamosi waliziweka kando zile hatua saba, wakarudi kwenye ya kwanza. Miwani alichora koki mpya, kubwa na nyekundu, inayodondosha tone moja moja. Kimya aliandika mistari yake. Baada ya chakula cha mchana Shangazi alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akamwambia Kasi abane kibanio chake. Aligeuza mabomba, akatazama juu, akatazama pembeni, akaliona tone. Akaibofya koki. Maji yakashuka kilimani, yakapinda kona, yakaingia kwenye nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi alijipiga paja. Alikwama kwenye hatua ya nne, na Kasi akaandika, bila kusita: "Amekwama hatua ya nne." Jioni walikuwa wameshaitengeneza na hiyo.

Jumapili wazazi walikuja. Baba yake Kasi alifika amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, mikono bado ina alama za kazi. Alipoketi mbele ya skrini, Kasi alibana kibanio. Baba hakugusa bomba hata moja. Kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa koki.

"Fundi gani anaanza kazi bila kuangalia koki?" aliuliza, nao wote wakacheka.

Alipomaliza hatua ya tatu alipumzika kidogo, akalichukua daftari lililokuwa mezani na kufunua kurasa. Akafika penye maneno yaliyokatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, bado yanasomeka, na chini yake maneno mapya. Akamgeukia bintiye na kumuuliza kulikoni. Kasi alikivua kibanio, akamweleza bila kupunguza kitu, Shangazi, aliyekuja kutazama, akiwa amesimama pale pale anasikia. Alitegemea baba atakunja uso. Baba alilifunga daftari polepole.

"Nilipokuwa kijana niliwahi kufukia mtaro kabla sijapitisha maji," alisema. "Nilikuwa na haraka, na niliogopa nikijaribu nitaona kiungo kimoja kinavuja. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimepima, nikamwambia ndiyo. Wiki haikuisha ukuta wa jirani ukalowa. Niliufukua mtaro wote kwa mikono hii, na mwenye nyumba amekaa kwenye kiti ananitazama."

Alimwekea bintiye mkono begani.

"Bomba kuvuja si aibu, mama. Fundi yeyote linamvujia, na ndiyo sababu tunapitisha maji mapema, tuone. Aibu ni kusema nimepima na sijapima, kwa sababu hapo yupo mtu atakayelowa, naye hana kosa. Wewe umefukua mwenyewe kabla ya kulazimishwa. Shika hivyo hivyo. Na mwombe Shangazi radhi mpaka aseme yamekwisha."

"Yamekwisha," Shangazi alisema. "Jana nimempigia binti yangu. Tunaendelea na masomo."

Baba alirudi kwenye mchezo. Hatua ya nne aliipita, ya tano akaipita, ya sita ikamshika. Aligeuza bomba huku, akageuza kule, akajikuna kichwa. Nyuma yake Shangazi alianza kuhangaika, akiegemea mguu huu na ule, mpaka akashindwa kujizuia akanyoosha kidole kuelekea skrini.

Kasi alikichukua kile kibanio chekundu, akanyanyuka, akakibana kwenye aproni ya Shangazi, kisha akaketi na kufungua daftari ukurasa mpya.