Kioo cha Kaka

Mkunga huyu ninayewasimulia si mtu niliyesimuliwa na wapita njia. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na aliyoyaona aliyaona mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Alikuwa uani anaisugua pikipiki, ile kubwa ya kiti cha chini, unayoipanda umeketi kama uko sebuleni, miguu mbele. Ndiyo inayompeleka kwenye zahanati zake, kilomita sitini za barabara. Mama yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, funga kile kioo cha upepo."

"Sikifungi, mama."

"Upepo unakutoboa kifua. Unakohoa mpaka nyumba inatikisika."

"Acha nikohoe."

Kioo kilikuwa cha kaka yake, kama pikipiki yenyewe. Plastiki ngumu, angavu, yenye vibano viwili vya kukaza kwa mkono. Unakivalisha mbele ya usukani kwa dakika moja, unakivua kwa dakika moja. Kaka hakwenda safari ndefu bila hicho, mpaka asubuhi moja dada mtu, mkunga huyuhuyu, alipomtania: "Umeshakuwa babu? Hata upepo unauogopa?" Kaka akacheka, akakivua, akakitundika stoo. Saa nne jiwe likaruka kutoka kwenye tairi la lori, likampata jicho la kushoto. Hakufika hospitali.

Utani ule mkunga hakuwahi kumwambia mama. Alijiapia tu kwamba kama kaka alikwenda bila kioo kwa ajili ya mdomo wake, basi naye atakwenda bila kioo mpaka azeeke. Ni mkaidi huyo, sijaona mfano wake.

Basi akaenda zake kazini, akarudi alasiri. Alipoingia stoo kutafuta kitambaa, akakiona kioo msumarini. Kimejaa wadudu. Nzi, nyuki, kipepeo wa manjano, wamepasuka na kunata. Bawa moja lilikuwa bado linatikisika.

Akakiosha. Kesho yake, wadudu tena. Akanunua kufuli, akaifunga stoo, ufunguo akauvaa shingoni. Wadudu tena. Siku ya mapumziko, ambayo hakupanda pikipiki, kioo kilibaki safi.

Akamwita fundi wake, mtu wa maneno mengi, anayeweza kukupigisha soga mpaka usahau ulichokuja kutengeneza. Fundi alitazama, akakisogelea kioo. Kisha akanong'ona.

"Dada, mdudu hapasuki hivi mpaka ukimbie themanini."

"Kiko ukutani hapo, hakijatoka."

"Ndicho ninachokwambia. Kichome."

"Sichomi kitu cha kaka yangu."

Fundi akaondoka haraka, hata bisibisi yake akaisahau.

Mwingine angehama nyumba. Yeye alipandwa na hasira. "Kinataka safari? Nitakipa safari!" Asubuhi akakivalisha kwenye pikipiki, akaifunga stoo kwa kufuli, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Nyuma ya kioo kulikuwa kimya. Upepo ulimpita juu ya kichwa, kifua kikatulia, na akaona aibu kwa jinsi alivyofurahia. Sitini kwenda, sitini kurudi, kati ya mashamba yanayovuma nyuki. Aliposhuka uani, akakitazama kioo.

Kilikuwa safi. Hata mbu mmoja hakuna.

Akaiendea stoo. Kufuli ilikuwa kama alivyoiacha. Akafungua.

Ukutani, wadudu. Mamia. Wamepasukia kwenye rangi nyeupe, kuzunguka msumari mtupu. Katikati hapakuwa na hata mmoja. Palikuwa na umbo. Mabega. Kichwa. Kimo cha mtu aliyeketi kwenye kiti cha chini.

Na pale ambapo lingekuwa jicho la kushoto, tone. Jekundu. Bichi. Linateremka.

Hapo ndipo alipoelewa. Kaka alikuwa bado anasafiri naye, kila siku, na leo yeye dada mtu amemvua kaka kioo kwa mara ya pili.

Hakupiga kelele. Alikifungua kioo kwenye pikipiki huku analia, akakirudisha msumarini.

"Vaa, kaka," alinong'ona. "Nilikosea kukucheka. Upepo nitaula mimi."

Jioni hiyo alimweleza mama yote, hata ule utani. Mama alikaa chini, akaushika mkono wa bintiye.

Fundi bado anasema kichomwe. Sisi majirani tunasema pikipiki iuzwe. Hasikii la mtu. Kila asubuhi utamwona anatoka, uso kwa uso na upepo, koti limevimba, anakohoa na hajali. Akirudi anaingia stoo na ndoo ya maji na sabuni. Anakiosha kioo taratibu, na ukuta haujachafuka tena.

Ila kuna jambo moja. Kila asubuhi anaviacha vile vibano vya kioo vimelegea, na kila akirudi anavikuta vimekazwa. Nilikwenda nikavijaribu kwa mikono yangu mwenyewe. Vilikuwa vimekazwa kwelikweli, na havikuwa vimeshika kitu.