Chungu Kilichokuwa Kikijaa

Tangu saa nane mchana wanaume wanne walikuwa wanavuta ajon, pombe ya wimbi, kwa mirija, na badala ya kupungua, pombe ilikuwa inapanda chunguni. Apeduno, muuzaji, aliona. Mama pima gani wa Malaba atalalamika chungu chake kikijaa?

"Mama, hii wimbi yako imeshika mimba!" Kiptoo, dereva wa lori, akatania.

"Vuta, boss, wacha kelele."

Lakini harufu! Haikuwa ya wimbi. Ilikuwa ya majani mabichi na udongo wa chini ya mti, na Apeduno alijua inatoka wapi, maana mirija ilikuwa mipya. Juzi yeye na bwanake Opio, huyo aliyekuwa anavuta na wateja, waliingia msitu wa serikali na panga, wakaangusha mti mkubwa wapate kuni, wakang'oa mimea yote ya kutambaa iliyouzunguka, ndiyo wakatengeneza mirija hiyo. Na Opio, mdomo wake usio na mlango, akakojolea kisiki akisema, "Mali ya umma! Kwani mimi si umma?" Walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa Kiptoo akainuka, akaanguka magoti. Mashavu yalikuwa yameingia ndani kama ya mgonjwa wa miezi. Wenzake wawili wakatupa mirija, wakamburura nje bila kuaga. Opio peke yake akabaki anavuta, na Apeduno alipoinama amwangalie vizuri akaona koo la bwanake halimezi kitu, shavu linaingia, jicho linaingia, mkono ulioshika mrija unakauka kama jani la mgomba juani, na ndani ya mrija kitu kinateremka, chururu, chururu, kuelekea chunguni, ambako pombe ilikuwa nyekundu, vuguvugu, imefika ukingoni.

Apeduno akaukamata mrija auchomoe, midomo ikagoma kuachia. Akamkimbilia jirani, mama mzee Ajiko, anayejua kuongea na majini, akamweleza habari ya mti.

Ajiko akainamia chungu. "Mwenye mti," akanong'ona, "wamekosa. Wanaomba msamaha."

Mrija ukaachia. Opio akaanguka, mwepesi kama gunia tupu.

"Atapona, mama?"

"Atapumua. Jini ameshakunywa, hiyo ni yake. Kamwage yote pale kisikini, hata tone usibakishe."

"Na bwanangu abaki hivi?"

"Abaki hai, mwanangu."

Apeduno akaenda, akamwaga. Karibu yote. Kikombe kimoja alikificha chini ya leso, kwa sababu kilichokuwa ndani kilitoka kwa bwanake, na yeye hangeweza kumwaga bwanake. Akamnywesha polepole. Mashavu yakajaa. Opio akafungua macho, akatabasamu, akainuka mwenyewe, akatoka nje kusimama kwa mvua iliyokuwa imeanza.

"Baba Akurut, ingia ndani, utashikwa na baridi."

Hakugeuka. Apeduno akamkumbatia kiunoni, akamvuta kwa nguvu zake zote, na udongo chini ya miguu ya Opio ukatoa sauti ya mizizi ikikatika.

"Usivute, Mama Akurut," akamwomba kwa upole. "Inauma mpaka huko chini."