Pumba za Hatsue

Mianzi ya nyuma ya nyumba yangu hukua haraka. Siku moja nilitundika kofia kwenye chipukizi nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kofia ilikuwa juu ya paa. Usipoamini, njoo uitazame. Bado iko huko.

Kila masika marehemu mke wangu, Hatsue, alipika machipukizi hayo, nyumba nzima ikanukia. Kazi yangu ilikuwa kula. Niliifanya kwa bidii miaka arobaini.

Mwaka huu binti yetu, Michiyo, alipiga simu. "Baba, Jumapili nakuja kumkumbuka mama. Natamani kile chakula chake."

Hakuwa amerudi nyumbani tangu mazishi. Nikachimba chipukizi, nikaliweka siku tatu, nikalichemsha kwa maji matupu. Kuonja, ulimi uliniwasha kama nimelamba upupu.

Ijumaa nikakimbilia darasa la mapishi kwenye ukumbi wa kijiji. Tulikuwa wagane sita, tumevaa aproni za maua za wake zetu. Mwalimu, Bi Kurokawa, ni mkulima, na alikuwa rafiki wa Hatsue. Alileta machipukizi aliyoyachimba shambani kwake alfajiri ile.

"Mzee Genzo, la kwako ulilichimba lini?"

"Jumatatu."

"Ukapika?"

"Alhamisi."

"Shemeji! Hilo lilishakuwa boriti!"

Wazee wakaangua kicheko.

"Likitoka ardhini, ukali huzidi kila saa," akasema. "Chimba asubuhi, chemsha asubuhi hiyo hiyo. Tia pumba za mchele na pilipili kavu moja. Pumba hupunguza ukali. Chemsha polepole kama saa moja, mpaka kijiti kipenye. Halafu zima moto, liache lipoe humo humo ndani ya maji. Ndipo ulioshe, ulimenye, ulipike na sosi ya soya."

"Nisubiri mpaka lipoe? Na njaa hii?"

"Hatsue alisubiri mpaka jioni. Kwani debe lake la pumba hukuliona?"

Nililiona. Lilikaa chini ya meza ya jikoni. Miaka arobaini nilidhani ni chakula cha kuku. Hatukuwahi kufuga kuku.

Nikaenda nyumbani kulileta debe lile, Bi Kurokawa akanijazia pumba mpya.

Jumapili, bakuli la kwanza nilimwekea Hatsue, mbele ya picha yake. La pili nikampa Michiyo. Alitafuna, akalitazama bakuli, akatafuna tena.

"Baba, amekupikia nani?"

"Mwanafunzi mmoja wa Bi Kurokawa. Kijana mzuri sana."

Kesho yake asubuhi tulichimba pamoja. Michiyo akavuta debe. "Na hizi pumba?"

"Za kuku."

Akacheka mpaka machozi, kwa maana hata yeye alidhani hivyo hivyo. Kisha akafunga aproni ya mama yake, nami nikamfundisha.