Abee, Bwana!

Kwang'! Kwang'! Kwang'!

Usiku wa manane, nje ya mlango, kitu kiligonga. Tusekile akaketi kitandani.

Alimkumbuka Samweli wa kwenye Biblia. Mungu alimwita usiku, naye akaitika. Lakini Samweli ni mvulana, anaitika "Naam!" Tusekile ni msichana.

"Abee, Bwana!" akaitika Tusekile.

Sauti ya nje ikajibu: "Beee!"

Lo!

"Mama! Mama! Mungu kaniita!"

"Kasemaje?"

"Kasema beee."

"Mungu hasemi beee, Tuse!"

Kwang'! Kwang'!

Mama akarukia juu ya meza, mwiko mkononi. "Yesu wangu, ni nini hicho, funga mlango, umeshafungwa, basi ufunge tena! Zima taa! Hapana, washa! Bwana tuokoe, Bwana tusikie, Bwana, Bwana, Bwana!"

"Mama," akasema Tusekile, "unamwita Mungu, lakini humpi nafasi ya kujibu."

Mama akafumba mdomo. Mwiko ukatulia.

*Mdomo, nyamaza.*
*Masikio, kazi kwenu!*

Kwang'... Kwang'...

*Mdomo, nyamaza.*
*Masikio, kazi kwenu!*

"Beee..." Sauti ilikuwa ndogo. Ilikuwa imechoka. Ilikuwa inalia.

*Mdomo, nyamaza.*
*Masikio, kazi kwenu!*

Kimyaaa.

Ndipo moyoni mwa Tusekile likaja neno. Neno dogo, jepesi kama hatua ya sisimizi.

Msaidie.

"Mama, nimesikia! Kasema, 'Msaidie!' Tufungue!"

"Tufungue? Ee Bwana... haya." Mama akashuka mezani. "Lakini shika gauni langu."

Mlango ukalia ng'wiii.

Pale nje palisimama sufuria ya uji. Sufuria yenye miguu minne! Sufuria yenye mkia!

"Uuuwi!" Mama akapiga yowe.

"Mama, ni Kitumbua!"

Kitumbua ni mtoto wa mbuzi wao. Alitoroka zizini akalambe uji. Kichwa kiliingia. Kichwa hakikutoka. Sasa alikuwa anahema kwa shida, hee, hee, hee.

"Mafuta, Tuse! Mafuta ya kujipaka, haraka, yako dirishani!"

Wakampaka shingo. Wakampaka masikio. Mama akavuta sufuria, Tusekile akavuta mbuzi.

Vuta! Vuta! Vuuuta!

Pwop!

Kitumbua akavuta pumzi ndefu. Kisha akamlamba Mama puani.

Wote watatu wakalala kitanda kimoja. Kitumbua alinuka uji na mafuta.

"Mama, ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Kwang' ilikuwa ya sufuria. Beee ilikuwa ya mbuzi."

"Na ile ya Msaidie?"

Mama akafikiri. Akamfunika shuka hadi kidevuni.

"Hiyo haikuwa ya mbuzi, mwanangu."

Tusekile akatabasamu gizani.

"Tuse?"

"Abee, Mama."

"Usimwambie mtu kwamba nilipanda mezani."

"Hata mwalimu wa Sandeskuli?"

"Hasa huyo!"

"Nitamwambia Mungu tu."

"Mungu aliniona, Tuse."

"Basi simwambii mwingine, Mama. Naahidi."

"Beee," akaahidi Kitumbua.