Saa Nane Mchana, Chumba cha Kurekodia

Mikumi ilikuwa imechangamka. Malori ya Iringa yalijipanga ukingoni mwa barabara, wauza vitunguu walikimbizana na mabasi, na ndani ya mgahawa wa chipsi uliopakana na gesti, Devota alikuwa amekaa na gauni lake la kitenge cha kijani, stendi ya kamera miguuni, kompyuta yenye betri mbovu mezani. Kilosa, alikofanyia kazi, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mhadhara wa Dokta Theodory ulitakiwa uwafikie wanafunzi mia tatu kabla ya saa tisa. Ulikuwa umepanda mtandaoni asilimia tisini na saba. Mara kioo kikazima.

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye shati jeupe la mapokezi ya gesti alikuwa anachomeka chaja ya simu, waya wa Devota uko mkononi mwake.

“Kaka, umechomoa nini?”

“Samahani dada, dakika kumi tu. Nina kipindi cha chuo, mwalimu anaweka video saa tisa.”

“Mwalimu gani?”

“Dokta Theodory.”

“Basi leo hukioni. Ndicho ulichokichomoa.”

Kijana yule, Elikana, alitazama waya, akatazama kompyuta, akacheka kwa aibu. Alimletea soda, akalinda soketi ile saa nzima asiiguse mtu. Video ilichelewa, wanafunzi walilalamika, na wao wawili wakaachana wakiwa na namba za simu.

Devota alikuwa fundi wa kurekodi mihadhara katika kituo cha masomo Kilosa. Yeye ndiye aliyewasha kamera, akasema “Dokta, tuanze,” kisha akakata vikohozi na kuipandisha video. Lakini programu ile haikurekodi mwalimu peke yake. Iliwarekodi na wanafunzi: nani kafungua, saa ngapi, kwenye kompyuta ipi, kaangalia kiasi gani. Asiyefikisha asilimia themanini ya kila kipindi hafanyi mtihani. Elikana, mwanafunzi wa ualimu, alisomea kwenye simu, kati ya mgeni mmoja na mwingine pale gesti.

“Fundi wangu, umekula?” alimuuliza Devota kwenye simu jioni moja.

“Nimekula. Umeangalia kipindi cha nne?”

“Mwanzo nimeuangalia mara sita.”

“Mwanzo una nini?”

“Umesahau kukata sauti yako. ‘Dokta, tuanze.’ Hapo napapenda, kwingine najilazimisha.”

“Haya, ukifeli utasema ni mimi.”

Siku simu ya Elikana ilipogoma kufungua vipindi, alimpa Devota neno lake la siri amtengenezee, na hakulibadilisha. Mtu unayetaka kumuoa unamfichia nini?

Mwezi Machi mama yake Elikana aliugua ghafla kule kijijini Ruhembe. Siku ya nne akafariki.

“Tunazika kesho saa nane mchana,” Elikana alisema kwenye simu. “Usije, Devota. Hujatambulishwa bado, wazee watasema.”

“Kwa hiyo nikae tu huku?”

“Niombee.”

Mwanamke mwenye msiba hupata pa kukaa na sufuria za kuosha. Devota hakuwa na kimoja wala kingine. Kesho yake aliingia chumba cha kurekodia, akaona jina la Elikana limewekwa alama nyekundu, vipindi vitatu hajavigusa na mwisho ni Jumamosi. Moyo ukamuuma. Akafungua akaunti ya Elikana kwa lile neno la siri, akaviacha vicheze vyote vitatu, saa tatu nzima. Hakujua kuwa Elikana alikuwa amekwisha kumwandikia Dokta kuomba aongezewe muda kwa ajili ya msiba.

Ripoti ya programu ilitoka Ijumaa. Wiki ya pili simu ikaita.

“Devota, wameniita kwenye kamati. Wanasema saa niliyosema nazika, nilikuwa naangalia mihadhara. Wanasema mama yangu hakufa.”

“Wapelekee kibali cha mazishi.”

“Nimepeleka. Wanasema karatasi zinanunuliwa. Neno langu la siri unalijua wewe tu. Nisamehe kwa kukuuliza. Devota, ni wewe?”

Mkataba wa kazi wa Devota ulikuwa umebakiza miezi miwili. Uoga ulimtangulia.

“Hapana.”

“Basi, nimekuamini.”

Njia ya mwongo ni fupi. Siku tatu baadaye kamati ilimfungia Elikana mitihani, na jioni ile ujumbe ukaingia kwenye simu ya Devota: *Wamenisomea ripoti. Kompyuta iliyotumika ni ya chumba cha kurekodia. Wao wanadhani nilikuwa nimekaa hapo. Mimi najua aliyekuwa amekaa hapo. Usinipigie tena.*

Alimpigia. Alimpigia mpaka simu yenyewe ikachoka. Kila asubuhi alifungua orodha ya wanafunzi kutafuta jina ambalo lilikuwa limefutwa. Alimpenda, na alikuwa ameugeuza msiba wake kuwa uongo, kisha akamdanganya juu yake. Wiki mbili aliishi hivyo. Wiki ya tatu alishindwa.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Kamera iko tayari?”

“Hapana, Dokta. Ni mimi niliyeangalia vipindi vya Elikana. Yeye alikuwa makaburini.”

Dokta Theodory alivua miwani. “Kwa hiyo mama wa yule kijana amefariki kweli?”

“Amefariki.”

“Na mimi ndiye niliyeandika kuwa ni mwongo.” Mzee alivuta karatasi na kalamu. “Nitaiandikia kamati leo hii. Lakini wewe, binti yangu, kesho usije kazini.”

Kesho yake Devota alishuka Mikumi akiwa na daftari tu. Elikana alikuwa kwenye meza ileile ya mgahawa, shati limempwaya, ndevu hazijanyolewa.

“Dokta amenipigia,” alisema bila kumtazama. “Nitafanya mtihani. Umefuata nini tena?”

“Niulize tena.”

“Nini?”

“Ulichoniuliza kwenye simu.”

Lori lilipita likinguruma. Elikana alisubiri limalizike.

“Devota, ni wewe?”

“Ni mimi.”

Alimsogezea daftari. Lilikuwa na notisi za vipindi vitatu, mwandiko wake Devota, tarehe ya mazishi juu ya ukurasa wa kwanza. Hakuwa ameviacha vicheze tu. Alikuwa amemwandikia kila neno. Elikana alifunua taratibu mpaka penye nusu ukurasa mtupu.

“Hapa hukuandika.”

“Ilikuwa saa nane. Video iliendelea, mimi nikasimama nikiomba mpaka nilipokadiria mmemaliza kuzika.”

Elikana alifumba macho. Machozi yalimtoka mbele za watu na hakuyafuta.

“Uliniumiza sana.”

“Najua.”

“Jumamosi ni arobaini ya mama. Shangazi zangu watakuuliza wewe ni nani, na mimi sitakujibia.”

“Nitawaambia mimi ni mkwe niliyekosa mazishi. Na nitawaambia kwa nini mtoto wao alifungiwa mtihani.”

Elikana alilifunga daftari, akaliweka chini ya kiganja chake.

“Basi uje mapema,” alisema. “Kuna sufuria nyingi.”