Miwani Chini ya Kopo la Vifungo

Majirani, sogeeni niwaeleze yaliyompata mwenzetu mmoja. Nanyi wenye ulimi mwepesi kama wangu, tegeni sikio zaidi.

Nyumba yake ilikuwa na utulivu. Chumba cha mbele ndicho alichofanyia kazi: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na nguo za maharusi zikining'inia ukutani chini ya shuka. Kwa nguo hizo watu walimwita Mama Shela, hata mumewe. Asubuhi mume, mwalimu mstaafu, alikaa uani na gazeti, miwani puani, na yeye ndani akishonea shanga huku akiimba wimbo usio na maneno. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja tu: kitu cha majimaji hakivuki kizingiti. Chai ilinywewa uani. Aliyekuja na soda aliiacha nje, awe bibi harusi au mama mkwe.

Alipokaribia miaka hamsini, tundu la sindano likaanza kumkimbia. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akalaumu taa, akalaumu uzi, akamlaumu hata aliyetengeneza sindano. Bintiye, kitindamimba wake, karani wa shule, aliona yote hayo. Akamnunulia miwani ya kusomea.

"Mama, jaribu tu. Umri huo kila mtu anavaa."

"Kila mtu si fundi, mwanangu. Ukitaka kuniua, tafuta njia nyingine."

Akaifukia chini ya kopo la vifungo. Mnasema mkaidi? Ngojeni. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe aliitengeneza kwa kinywa chake. Ujanani alifundishwa kazi na mzee mmoja mpole, fundi hodari. Mzee alipoanza kuvaa miwani, Mama Shela, binti wa maneno mengi, aliwaambia wateja, "Yule sasa atawashonea mkono shingoni." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakahama mmoja mmoja, wakamfuata yeye. Mzee alifunga duka bila kumlaumu, na siku ya kuondoka akamwachia mkasi wake mkubwa. Kwa mkasi huo alikata nguo maisha yake yote, na kila alipoiwaza miwani alikisikia kile kicheko.

Kwa hiyo aliposikia kuna wataalamu wanaopandikiza kijipete chembamba, kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto, ndani ya kioo cha mbele cha jicho, ili mtu aone karibu bila miwani, aliona ameokoka. Akaaga kwamba anakwenda kutafuta vitambaa.

Daktari wa macho, mwanamke asiye na mzaha, hakumficha kitu. "Tutaweka jicho la kushoto tu. Mara nyingine jicho hukikataa kitu kigeni, likafanya ukungu. Ndiyo maana kuna matone, mara nne kwa siku, kwa miezi. Na urudi kila tarehe niliyokuandikia. Ukiona ukungu, njoo siku hiyohiyo."

"Nitakuja, daktari."

"Nani nyumbani atakukumbusha?"

"Mume wangu," akajibu. Mume hakujua lolote. Jicho jekundu aliambiwa ni vumbi.

Wiki tatu baada ya kuwekewa kijipete, Mama Shela alipitisha uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, akalia kwa furaha. Bintiye alikuwa ameposwa, naye mama akatangaza kwamba gauni la mwanawe atalishona peke yake, shanga kwa shanga, mkono wa fundi mwingine usiliguse.

Sasa sikilizeni mambo yalipoharibikia. Dawa ile ilikuwa nyeupe kama maziwa. Siku moja alijitilia palepale mezani, akapepesa, tone likadondokea satini ya mteja na kuacha doa lisilotoka. Ikabidi akate upya mkono mzima. Tangu hapo chupa nayo ikahukumiwa kwa sheria ya chumba kile: haifunguliwi ndani. Na uani je? Uani, njia ya kwenda chumbani, alikuwapo mume, angeuliza. Basi matone ya mchana yakaachwa. Ya jioni nayo yakafuata, kwani jicho si lilikuwa linaona? Tarehe ya kwanza ya kurudi aliiruka kwa ajili ya gauni. Ya pili vilevile.

Ukungu haukuja kwa kishindo. Kwanza taa zilionekana zimevaa duara la mwanga. Kisha satini ikaonekana imefifia, akamgombeza muuza vitambaa. Akabadilisha balbu, akasugua vioo vya dirisha. Fundi mzima, aliyezoea kukagua kasoro za kitambaa, aliitafuta kasoro kwenye kitambaa.

Siku ya kupima, binti alisimama mbele ya kioo, akagusa bega lake.

"Mama, hizi shanga zinapanda begani."

"Simama wima, ndivyo zilivyo."

Binti akageuka, akaona jicho la kushoto la mamaye lina utando. "Mama. Fumba jicho la kulia. Vidole vingapi?"

Mama Shela alikodoa jicho. "Naona... weupe."

Chupa ilipatikana kwenye droo ya cherehani, bado ina dawa tele. Mume aliishika, akaigeuza. "Nilikuwa hapo nje kila siku, mke wangu," akasema. "Hatua kumi. Ulishindwa kuniambia?" Mama Shela aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Daktari alikitoa kijipete, lakini kovu lilibaki. "Ungekuja ukungu ulipoanza," akasema, akafunga faili.

"Basi nipe miwani, daktari. Yoyote. Nitavaa."

"Itasaidia jicho la kulia. La kushoto, miwani haipenyi kovu. Kubadilishiwa kioo chenyewe cha jicho ni foleni ya miaka, na siwezi kukuahidi."

Akaifukua ile miwani ya chini ya kopo. Kwa jicho moja sindano aliiona, ila hakuona iko mbali kiasi gani. Alichoma hewa, kisha akachoma kidole, na damu ikaingia kwenye gauni la mwanawe. Lilimaliziwa na fundi kijana wa ng'ambo ya barabara, anayevaa miwani mchana kutwa na wateja hawajamkimbia. Siku ya harusi wageni walimsifu: "Mama Shela, mkono wako haujazeeka!" Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mwezi uliofuata alivuka barabara kwenda kumpa kijana yule mkasi wa mzee. Kioo cha kushoto cha miwani alikuwa amekifunika kwa kipande cha satini nyeupe, maana mwanga kwenye ule ukungu ulimtesa. Duka lilijaa wateja. Mmoja akasema, "Shikamoo, mama! Miwani nayo umeivalisha shela?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Shela aliuweka mkasi mezani, akageuka, akapapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kukivuka. Kicheko kile alikijua.

TUNALOJIFUNZA

Macho kuchoka si fedheha, na msaada upo, wa miwani na wa upasuaji. Lakini tiba inayofichwa nyumbani haina mwangalizi. Ukiandikiwa dawa, mwambie hata mtu mmoja akukumbushe, na tarehe ya daktari usiiahirishe kwa kazi yoyote. Nasi tupunguze mizaha juu ya uzee wa wenzetu. Mtu anaweza kupoteza jicho kwa kuikimbia.

Mteja aliyesema lile la shela ni mimi. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe haraka, kama yule mzee aliyemfundisha kazi alivyomsamehe yeye, na jicho halikurudi.